Chumvi ya kwa Mekadzo

Harufu ya makuti yaliyovunda sijui nimweleze vipi mtu asiyeijua. Si harufu ya uozo hasa. Inakaribiana na ya nguo iliyoanuliwa mbichi, ikakunjwa, ikasahauliwa chini ya kitanda. Siku tuliyomzika baba mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na banda la waombolezaji lilikuwa limeezekwa kwa makuti ya zamani aliyoyatoa jirani. Nilipoketi tu mkekani, harufu ile ikanipanda puani, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikarudi kuwa Dama mwenye magoti ya vumbi. Walioniona walidhani namlilia maiti. Nilimlilia, sikatai, lakini si yule mzee mkimya aliyelala sandukuni. Nilimlilia baba mwingine, yule aliyekuwa akiimba juu ya paa.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Malindi ya wakati ule. Hoteli zilikuwa zikiota kama uyoga, na kila hoteli ilitaka paa la makuti. Sisi wa vijijini, huku ng'ambo ya daraja la Sabaki, aliyepata vijisenti alikimbilia kuondoa makuti akaweka mabati. Wazungu nao walipanda ndege waje kulala chini ya makuti tuliyoyakimbia sisi. Baba jambo hilo lilimchekesha sana. Alikuwa fundi wa kuezeka, mrefu, mwembamba, mwepesi wa miguu, na akishapanda juu alianza nyimbo za harusi za kwetu Ugiriamani, mpaka wapishi wa hoteli wakatoka jikoni kumsikiliza.

Nyumbani kwetu kila mtu alikula kwa kuti. Wanawake walikaa vivulini wakikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, na baba akiyanunua kwao. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza juani. Baba alikuwa na sheria moja: kuti halipangwi likiwa na maji ndani. Unalichukua jani, unalikunja karibu na sikio. Likilia, limekauka. Likinyamaza, lirudishe juani. Nilijiona mtu mkubwa nikizunguka uani, sikio limeinama, nikiyasikiliza makuti kama daktari.

Aliyemvunjisha baba sheria hiyo ni Karisa. Tukimwita Karisa wa Lori, maana alikuwa na lori, na kwetu mwenye lori hakuhitaji jina la pili. Yeye ndiye aliyeongea na wenye hoteli, akakusanya makuti vijijini na kuwapelekea. Hakuwa mgeni kwetu. Alicheza harusi ya baba na mama, na mama alipenda kusema kwamba siku hiyo Karisa alikula wali wa watu wawili. Masika moja alimletea baba arubuni, yaani pesa za kutangulia, nyingi kuliko alizowahi kuzishika, ili amkusanyie shehena ya makuti ya hoteli moja kubwa kabla wageni wa Julai hawajaingia. Baba akawalipa wanawake wote. Kilichobaki akanunua kamba, na mimi akaninunulia sare mpya ya shule.

Shehena ilikuwa karibu kukamilika mawingu yalipoanza kujikusanya. Karisa akaja mbio.

"Baba Dama, yatoe yote uyapange kando ya barabara. Lori laja kesho asubuhi."

"Mengine bado hayajalia, Karisa," baba akamwambia.

"Yatalia hotelini. Lori halingoji mtu."

Tukayabeba kutwa nzima, sisi na majirani, mpaka kando ya barabara kukawa na kilima. Kesho yake lori halikuja. Kesho kutwa halikuja. Ilikuja mvua, ile mvua ya masika inayonyesha kama ina kisasi na mtu. Baba alitoa mikeka yetu yote ya kulalia akayafunika makuti, nasi tukalala kwenye udongo mtupu. Alikesha akizunguka kilima kile, akivuta mkeka huku, upepo ukiufunua kule.

Jua lilipotoka, Karisa akatokea na lori lake. Alitia mkono katikati ya makuti akautoa. Ulitoka na ukungu mweupe na joto, maana makuti mabichi yakirundikwa hupata homa. Akaunusa mkono wake, kisha akaupangusa kwenye shati la baba. Mimi nilikuwa pale. Hilo la shati lilinichoma kuliko yote yaliyofuata, na halijaacha.

"Nataka arubuni yangu," akasema.

"Lori lako limechelewa, Karisa. Nilikwambia hayajakauka."

"Makuti ni yako, mvua ni ya Mungu, pesa ni zangu."

Baba akamwambia hana, ameshawalipa wanawake, ampe muda aezeke kwingine amrudishie kidogokidogo. Karisa akapanda lori lake akaondoka bila kuaga.

Aliporudi, alirudi na askari. Mpaka leo sijui kama askari yule alitumwa na mkuu wake au alikuwa amepewa nauli na chakula cha mchana tu. Alikuja amekaa mbele, ndani ya lori la mdai mwenyewe, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu mzima shaka. Lakini sisi tuliona kofia na mkanda, basi. Pingu hakuwa nazo. Alitazama huku na huku, akaokota kamba ya kufungia makuti, kamba ya baba mwenyewe, akamfunga nayo mikono kwa nyuma. Baba hakushindana naye. Alimgeuzia mikono vizuri, kama mtu anayepimwa shati na fundi cherehani.

"Kosa langu nini, afande?"

"Umekula pesa za watu."

Wakampandisha nyuma ya lori. Watoto wa njiani, wenzangu niliocheza nao kombolela, wakalikimbilia lori wakipiga kelele: mwizi, mwizi. Mama alilifuata mpaka barabara kuu akiwa bado ameshika upawa mkononi.

Shuleni nilikuwa nimefunzwa kwamba askari hushika wezi. Kwa hiyo mambo kwangu yalikuwa wazi: kudaiwa ni kuiba. Hakuna aliyenirekebisha, kwa sababu hakuna mkubwa aliyejua vinginevyo. Mara nyingi tunacheka tulivyoyaelewa mambo utotoni, lakini hili silicheki. Kosa langu ndilo lililokuwa kosa la kijiji kizima, na ndilo lililotuvunjia nyumba.

Nikaanza kuyakumbuka madeni yetu mengine. Ungo tuliokuwa nao ulikuwa wa Mekadzo, jirani yetu, yaani mama wa Kadzo. Ndivyo Wagiriama tuwaitavyo wanawake, kwa majina ya watoto wao, na mama yangu mwenyewe alikuwa Medama. Makaa ya moto ya asubuhi yalitoka kwa Mekadzo. Na chumvi! Chumvi ya kwa Mekadzo tuliila karibu kila siku, kama yeye alivyoila ya kwetu. Kichwani mwangu nikamwona mama amefungwa kamba kwa ajili ya chumvi. Basi mama alipokwenda kituoni kumpelekea baba chakula, nilichukua chumvi yote iliyokuwa jikoni, nikaitia bakulini, nikaikimbiza kwa Mekadzo, nikaiweka mlangoni na ule ungo wake juu yake. Nikarudi nikilia kwa furaha. Mmoja angalau nilikuwa nimemwokoa.

Alasiri Mekadzo akaja. Alisimama uani bila kuketi.

"Medama, nimekuja kuuliza tu. Nimekukosea nini?"

"Kunikosea? Hujanikosea kitu, mwenzangu."

"Umenirudishia chumvi. Mumeo yuko ndani, watu wanamsema, mimi sijamsema. Leo wanirudishia chumvi kama mtu baki?"

Kwetu chumvi haihesabiwi wala hairudishwi. Leo waomba wewe, kesho aomba mwenzako, na ukimrudishia umemwambia kwamba humtaki tena. Watu wamehama mtaa kwa jambo dogo kuliko hilo. Mama alinitazama, na mimi nikafunguka.

"Sitaki wakufunge na wewe!"

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama akaniambia kwa upole, "Dama, nenda na mama yako mkubwa huyu ukaombe chumvi."

Niligoma. Nililala chini, nikashika mguu wa kinu. Nilikuwa natumwa kuiba, na aliyenituma ni mama. Mekadzo ndiye aliyeniinua.

"Ndzoo," akaniita kwa Kigiriama, njoo, akanishika mkono mpaka jikoni kwake. Akanitilia chumvi kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Haya. Sasa mnadaiwa. Mtu asiyedaiwa na jirani, siku akifa atazikwa na nani?"

Sikumwelewa. Niliibeba ile chumvi nyumbani kama mtu aliyebeba nyoka.

Baba aliachiliwa baada ya mdogo wake, baba mdogo Katana, kumpa Karisa baiskeli ya baba na mbuzi wa mama. Vyote vikaingia lorini. "Hivi ni vya usumbufu tu," Karisa akasema. "Arubuni bado. Mwezi ukiisha sijaiona, utakwenda jela ya kweli." Baba alirudi amevaa shati la mikono mirefu la kuazima, na joto lile la pwani, kwa kuwa kamba ilikuwa imemwachia alama. Hakuimba. Alikaa nyuma ya nyumba akiyachoma makuti yaliyovunda, na moshi wake ulikuwa mzito, wa kukohoza.

Asubuhi moja kabla ya mwezi kuisha, panga lake halikuwa ukutani. Mama alituambia amekwenda kutafuta kazi. Wadogo zangu waliamini. Mimi nilijua amekimbia.

Sitaki kukaa sana kwenye miezi ile. Karisa alizoea kupiga honi kila akipita njia ya kwetu, honi ndefu, ili tujue hajasahau. Wanawake waliacha kuja kushona uani, maana nani angenunua? Shuleni nikawa mtoto wa mwizi wa makuti. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiuliza kila jioni kama baba amefika, halafu akaacha kuuliza, na kuacha kwake kulimwumiza mama zaidi. Mama alikonda. Jioni moja akamwambia baba mdogo Katana, nasi tukisikia:

"Nitakwenda mimi."

"Wapi?"

"Kotini. Nifungwe badala yake, ili yeye arudi."

"Mke hafungwi kwa deni la mume, shemeji."

"Deni si la mtu, ni la mji, la nyumba nzima. Zamani za njaa wazee si walikuwa wakiweka hata mtoto rehani mpaka deni liishe? Mimi ni mtu mzima, najiweka mwenyewe."

Baba mdogo alimkataza, akamsihi, akakasirika. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, na asubuhi yake akafunga bahasha ya nguo. Bahasha ya kwetu si ya barua, ni furushi: leso, kipande cha sabuni, kitana, na chupa ndogo ya mafuta ya nazi, kwa sababu alisikia jela ngozi hupasuka. Wadogo zangu akawaacha kwa Mekadzo. Mimi alinichukua. "Uuone mlango nitakaoingia," akaniambia, "ukawaambie wenzako niko wapi." Njia nzima mpaka Malindi nilikuwa nimeshika pindo la leso yake. Nilikuwa nakwenda kumwacha mama, na nilikuwa najua.

Kotini watu walikaa barazani wakingoja. Tulingoja nao mpaka jua likawa juu ya kichwa. Hatimaye tukaingia kwa karani mmoja mzee, mtu wa bara, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, bwana," mama akasema.

"Marahaba. Umeitwa na koti, mama?"

"Sijaitwa. Nimekuja mwenyewe kufungwa."

Vijana wawili waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Karani hakucheka. Akamwambia aeleze, na mama akaeleza yote: arubuni, mvua, lori, askari, mbuzi, baiskeli. Akaweka bahasha yake mezani kuonyesha kwamba amekuja tayari. Karani akatafuta jina la baba, akatafuta tena, akafunga kitabu chake.

"Mama, huyu mzee wako hana kesi hapa."

"Itakuwa kituo hakijaileta."

"Hakuna ya kuletwa. Sikiza. Mtu akikupa pesa ukashindwa kulipa, hujaiba. Hiyo ni deni, na deni si jinai. Polisi hawafungi mtu kwa deni. Huyo wa lori akitaka pesa yake, aje hapa afungue kesi ya madai. Mtaitwa wote wawili, yeye aseme yake, nyinyi mseme yenu, hakimu aamue."

"Lakini pesa alizila kweli."

"Alipozichukua, alikuwa na nia ya kuleta makuti?"

"Makuti yalikuwepo! Yalivunda barabarani yakingoja lori."

"Basi si mdanganyifu. Hayo ya lori kuchelewa ndiyo ya kumwambia hakimu. Pengine mngeshindwa, pengine mngeshinda, au mngegawana hasara. Na mkishindwa, mtu huomba kulipa kidogokidogo, akiwa kwake, akilima."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna kabisa anayefungwa kwa deni?"

"Yuko, lakini mpaka kesi ya madai isikizwe, aamriwe kulipa, na awe anazo hataki kutoa. Hata huyo, anayemfungisha ndiye humlipia chakula chake huko ndani."

"Karisa amlishe mume wangu?" Mama akacheka, mara ya kwanza tangu masika. "Karisa hata mbwa wake hula kwa jirani."

Halafu kicheko kikakatika, akauliza, "Na ile kamba?"

"Kamba gani, mama?"

"Waliyomfunga nayo."

Karani akavua miwani. Akasema, "Hilo lilikuwa kosa la huyo askari. Hilo ndilo mngekuja kulishtaki." Akamsukumia mama bahasha yake taratibu. "Nenda nyumbani. Mwambie mzee arudi kwa watoto wake."

Ningependa kuwaambia tulitoka tukirukaruka. Mama alikaa kwenye ukingo wa baraza akalia mpaka watu wakadhani kweli kuna mtu wake aliyefungwa. Nilimshika bega nikimwambia, mama, si wamekataa kukufunga? Sikujua anachokililia. Nilikuja kujua nilipokuwa mtu mzima: alililia miezi yote ile, ambayo ilikuwa bure.

Baba mdogo Katana aliposikia, akakiri kwamba alijua baba aliko. Alikuwa Mariakani, akipakia na kupakua malori. Mariakani! Mimi nilikijua kiwanda chake cha maziwa kwa sifa tu. Niliamini maziwa ya pakiti tuliyogawiwa shuleni yalitoka huko, na kichwani mwangu ulikuwa mji ambao watu huoga maziwa. Kwa hiyo baba alikuwa ameshiba, kumbe, na sisi tunalia. Tulikwenda mimi na mama. Tulivuka Kilifi kwa kivuko, tukapanda milima ya Kaloleni, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Hapakuwa na maziwa. Palikuwa na malori yaliyopangana, harufu ya dizeli, na wanaume waliojifunika magunia vichwani. Mmoja wao alikuwa baba. Pale walimwita Juma, jina ambalo si lake.

Alipotuona, hakututazama sisi kwanza. Alitazama nyuma yetu, kuona ni nani tuliyekuja naye.

Mama akamweleza yote chini ya kivuli cha lori. Baba akamsikiliza akiwa amechuchumaa, mikono katikati ya magoti.

"Nani kasema?"

"Karani wa koti."

"Karisa anamjua?"

"Baba Dama, hakuna kesi. Hujaiba. Hata jina lako halimo."

"Jina langu limo vinywani mwa watu," akasema.

Alirudi nasi, hilo namshukuru Mungu. Karisa hakufungua madai yoyote. Nadhani angelazimika kueleza habari za lori, za mbuzi na za baiskeli, akaona heri anyamaze. Mama alitaka twende tukamshtaki yule askari. Baba alikataa katakata, na mama hakulirudia. Sheria ilikuwa imesema yake, lakini baba kitu cha kwanza alichokifanya kila akisikia gari ni kuinuka na kwenda nyuma ya nyumba. Hakuezeka tena. Alilima mihogo na mtama, na Malindi hakuikanyaga isipokuwa mtoto akiugua.

Na hakukopa. Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa jambo lile. Hakukopa pesa, wala ungo, wala makaa ya moto, na hakuturuhusu sisi. Chumvi ikiisha, tulikula mboga bila chumvi, sote kimya, mpaka siku ya soko. Mama alijaribu kumweleza kwamba chumvi si arubuni. "Kila kitu huanza kidogo," baba akajibu. Mekadzo alikuja mara mbili tatu kuomba, akapewa, akangoja nasi twende kwake. Hatukwenda. Akaacha kuja. Makaa yetu tuliyawasha wenyewe, ungo wetu tulinunua. Ikawa nyumba isiyodaiwa na mtu yeyote, na ilikuwa nyumba baridi, na nilipopata mume niliondoka humo bila kugeuka nyuma. Mama alifia humo, mwaka juzi. Baada yake baba akabaki peke yake, akisema hataki kumsumbua mtu.

Siku hizi nawasikia vijana wa redioni wakieleza kwamba deni ni madai, si jinai. Wanalisema kwa wepesi, kisha wanapiga muziki. Mimi huzima redio.

Siku ya maziko, sanduku lilipokwisha kushushwa na sala kumalizika, baba mdogo Katana, naye sasa ni mzee wa fimbo, akasimama ukingoni mwa kaburi kuuliza swali linaloulizwa kwetu kabla ya udongo kurudishwa.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu kama sisi. Kama kuna anayemdai, asiogope. Aseme. Wenye kulipa tupo."

Watu wakainamisha vichwa. Karisa alikuwa amekufa zamani, na lori lake lilikuwa limeotewa na majani nyuma ya nyumba ya mwanawe. Hakuna mwingine. Ningeweza kuapa. Nikawaza kwa uchungu kwamba huyu ndiye mtu pekee wa kijiji chetu anayekwenda bila kudaiwa hata na mtu mmoja.

"Mimi namdai."

Ilikuwa sauti ya kike, imekauka. Watu wakageuka. Alikuwa Mekadzo, amepinda mgongo, ameshikwa na mjukuu wake. Hata wewe, Mekadzo? Leo?

"Sema, mama," baba mdogo akamwambia.

"Masika yaliyopita alikuja mlangoni kwangu. Tangu aliporudi kutoka Mariakani hakuwahi kuuvuka ua wangu kuomba kitu. Alisimama pale nje, mvua yamnyeshea. Nikamwambia, Baba Dama, ingia, walowa. Hakuingia. Akanyoosha mkono, hivi." Akautoa mkono wake, kiganja juu. "Akaniambia, Mekadzo, naomba chumvi. Nikampa. Na hakuirudisha."

Pale mkekani nilipoketi, kando ya kaburi, nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso.

Baba mdogo Katana akakohoa. "Basi, Mekadzo, tukulipe?"

"Thubutu!" Akamwelekezea kidole, na watu wakacheka huku wanalia, kicheko kile kinachoruhusiwa matangani. "Deni hilo ni langu na yeye. Libaki."

Akaja akaketi mkekani karibu nami, goti lake likagusa langu. Ndipo wanaume wakashika majembe.